Mama aliniuliza meli imejengwa lini, nikamwambia ni mpya

BARUA

Shikamoo Shangazi, assalaam alaykum.

Mimi ni Mpemba wa Chake Chake, naishi Atlanta, Marekani, mwaka wa 11 sasa. Mama yangu ana miaka 68. Mwezi wa Novemba, inshallah, atakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, visa ameshapata. Siku nyingi nimejiapia kwamba mama akija sitamfungia ndani akitazama televisheni ya lugha asiyoielewa, huku mimi na mume wangu tuko kazini. Nilitaka apate kitu cha kwenda kuwasimulia wenzake barazani.

Basi nikapata safari ya meli ya kitalii ya siku 5, katikati ya Januari, kutoka bandari ya Tampa huko Florida hadi Cozumel, Mexico, kisha kisiwa cha Grand Cayman, halafu kurudi. Tutakuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 9 na mama. Nimechukua chumba kimoja cha watu wanne, kisicho na dirisha, maana ndicho kilichokuwa rahisi. Nimelipa malipo ya awali dola 400 ambazo hazirudi. Malipo ya mwisho ni baada ya wiki 5.

Nilipokwisha lipa ndipo nikaanza kuulizia. Kumbe meli yenyewe ni ya miaka ya tisini. Mmoja ananiambia ina kutu, zulia linanuka unyevu, bafu huwezi hata kujigeuza, choo kiligoma siku nzima. Mwingine aliyepanda meli hiyo hiyo ananiambia ndiyo safari bora aliyowahi kuifanya. Sijui nimsikilize nani.

Lakini Shangazi, kinachonikosesha usingizi ni kingine. Mwaka 2011 mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa ndani ya meli iliyozama Nungwi ikija Pemba. Hatukumpata. Tangu mwaka ule mama akienda Unguja ni kwa ndege, na kama nauli ya ndege haipo, haendi. Niliposikia amekubali safari hii niliona ni muujiza. Kaka yangu aliyeko Muscat alipojua umri wa meli alinipigia simu kwa hasira: "Unamtoa mama Pemba ukampakie kwenye chombo chakavu, umesahau Nungwi?" Siku mbili baadaye mama mwenyewe akanitumia ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo meli imejengwa mwaka gani?" Nikamjibu: "Mpya mama, mpya kabisa."

Sijamwambia mtu kwamba nimesema hivyo. Je, niifute safari? Meli kongwe ni hatari kweli? Na kama tutakwenda, nimtayarishe vipi mama, ambaye magoti yanamuuma, anakunywa dawa za presha, hali nyama isiyochinjwa kihalali, na hawezi kulala bila kufukiza udi?

Binti wa Chake, Atlanta

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Naanza na huo ujumbe wa sauti, kwa sababu mengine yote uliyoyataja yana dawa yake. Mpigie mama simu wiki hii umwambie kweli. Usingoje afike Atlanta. Leo yuko kwake Chake Chake, kwenye kitanda chake, na akitaka kusema "siendi" atasema. Akishavuka, akala chakula chako, akamwona mjukuu ameshanunuliwa nguo ya kuogelea, hatasema tena. Mama zetu wakiwa wageni hawakatai kitu. Atapanda na moyo wake umefunga, na usiku wa kwanza chombo kikiyumba atakuwa macho peke yake gizani na jina la mdogo wake, na wewe umelala usijue.

Halafu ataujua tu umri wa hiyo meli. Mtu aliyekua akivuka kutoka Mkoani hadi Unguja hadanganyiki kuhusu chombo. Ataishika reli ya sitahani na kuhisi rangi juu ya rangi, tabaka kwa tabaka, mpaka chuma kimekuwa na vinundu. Na meli nyingi zina kengele yao ya shaba iliyochongwa jina na mwaka. Akishausoma, kila neno utakalomwambia baada ya hapo, hata la kweli, atalipima mara mbili.

Sasa utamwambia nini? Mwambie mwaka wenyewe, waziwazi, kisha umwambie kwa nini hilo halikukutisha. Msiba wa usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 wote tunaubeba, nami siuzungumzii kwa wepesi. Chombo kile kilikuwa kimejengwa mwaka 1967, ni kweli kilikuwa kizee. Lakini kilichosemwa na waliochunguza, na wengi waliookoka, ni kwamba kilipakia watu na mizigo kupita uwezo wake, na orodha ya abiria haikufanana na idadi ya waliokuwamo. Hilo ndilo la kumweleza mama, kwa sababu ndipo tofauti ilipo.

Bandarini Tampa kila mmoja wenu atapigwa picha na kupewa kadi. Kila mguu unaoingia melini au kutoka, kadi inasomwa kwenye mashine na picha yako inatokea mbele ya mlinzi. Saa ya kuondoka nahodha ana idadi ya watu wote, mmoja mmoja, na anajua pia nani bado yuko nchi kavu. Hakuna anayeruka gatini dakika ya mwisho na kigunia chake. Mashua na maboya ya kuokolea yana nafasi ya kila mtu aliyemo, wafanyakazi pamoja. Na meli haiondoki kwenda zake mpaka abiria wameonyeshwa mahali pa kukutania dharura ikitokea na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Hilo zoezi, mwanangu, usiliharakishe kama wanavyofanya wengi, wanagonga kadi na kukimbilia bafe. Mpeleke mama pale pahali penu, asimame chini ya ile mashua ya rangi ya machungwa, aitazame ilivyo kubwa, amuulize mfanyakazi anachotaka na wewe umtafsirie. Nilimfanyia hivyo mama mkwe wangu mwenye miaka 71. Alisimama chini ya mashua akahesabu madirisha yake kwa kidole, akauliza inashushwaje kama umeme umekatika. Yule kijana, Mfilipino, akamwonyesha jinsi inavyoteremka kwa uzito wake yenyewe. Usiku ule alilala.

Ukaguzi nao upo. Walinzi wa pwani wa Marekani huzikagua meli hizi zinapopakia abiria kwenye bandari zao, ziwe mpya ziwe za zamani. Sehemu ya chini ya meli ya abiria hukaguliwa kila mwaka, na ndani ya miaka 5 hupandishwa chelezoni, yaani mahali pakavu pa kutengenezea meli, ikakwanguliwa na kurekebishwa. Mwaka 2010 sheria za kimataifa za usalama wa moto zilikazwa, na vyombo vingi vya zamani vyenye mbao na vitu vinavyoshika moto haraka vilistaafishwa. Meli ya miaka ya tisini ilijengwa sheria zikiwa zimeshabadilika sana tangu zama za vyombo hivyo. Kwa usafi, kuna wakaguzi wa afya wa serikali ya Marekani wanaoingia bila taarifa na kutoa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini imeshindwa. Alama hizo ziko wazi kwa kila mtu. Zitafute za meli yenu kabla ya kulipa zile za mwisho. Hizo zitakuambia zaidi ya yule aliyekasirikia zulia.

Na kaka yako akikubishia, mkumbushe kwamba Costa Concordia, iliyopasuka kwenye mwamba wa Giglio huko Italia tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32, ilikuwa haijatimiza hata miaka 6 tangu ikabidhiwe. Ilikuwa nzuri, inang'aa. Nahodha aliipeleka karibu mno na nchi kavu.

Sitakuficha upande wa pili. Chombo kikikaa miaka mingi kazini, mitambo huharibika. Februari 2013, kwenye Ghuba hiyo hiyo ya Meksiko mtakayoivuka, meli moja iliyoanza kazi mwaka 1999 iliwaka moto chumba cha injini. Hakuna aliyekufa, lakini waliokuwamo walielea siku kadhaa bila umeme wa kutosha, vyoo vimefurika, mpaka ikavutwa hadi Mobile, Alabama. Mambo hayo ni nadra. Yakitokea ni karaha kubwa kweli. Mama ana haki ya kuyajua hayo pia.

Pengine atakuuliza: basi kwa nini wasilete meli mpya hapo Tampa? Jibu lipo, na yeye kama mtu wa pwani atalipenda. Kutoka bandari ya Tampa hadi bahari kuu lazima upite chini ya daraja la Sunshine Skyway, ambalo kimo chake juu ya maji ni kama mita 55. Meli mpya kubwa zina urefu wa kwenda juu kuliko hapo, hazipiti. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, hubeba abiria zaidi ya 5,600 hata kabla ya kuongeza watoto vyumbani. Hiyo Tampa haiwezi kuingia. Kwa hiyo bandari ile inatumikiwa na meli ndogondogo, na ndogondogo nyingi ndizo za zamani. Yenu itabeba watu kama 2,000 na ushei. Kwa mtu mwenye magoti mabovu huo ni unafuu mkubwa. Kutoka chumbani hadi mezani ni dakika chache, siku ya pili mama atakuwa anakwenda peke yake bila kupotea, na kijana wa chai atakuwa ameshajua kwamba bibi huyu anataka maji ya moto na maziwa kando.

Sasa nije kwenye kosa ulilolifanya, na ambalo bado unaweza kulirekebisha. Huo umri wa meli usikuumize kichwa kuliko hicho chumba.

Chumba cha watu wanne bila dirisha kwenye meli ya umri ule ni kama mita za mraba 13 au 15. Vitanda viwili viko chini, viwili vinashushwa kutoka darini au ukutani na ngazi yake. Vikishashuka, huna pa kusimama wawili kwa wakati mmoja. Ukitaka kutandika mswala, mtu apande kitandani kwanza. Taa ikizimwa, giza lake si la usiku, ni la ndani ya sanduku. Hujui kama kumekucha. Sasa mtie humo mtu aliyepoteza ndugu baharini usiku.

Mnunulie mama dirisha. Piga simu, uulize tofauti ya bei ya vyumba viwili vilivyopakana, kimoja chenye dirisha, mama alale na mjukuu wake. Chagua sitaha za chini, katikati ya meli, mbali na omo (mbele) na mbali na tezi (nyuma), kwa sababu hapo ndipo inapoyumba kidogo zaidi. Angalia ramani ya meli kwamba juu yenu hakuna jiko wala bafe (viti vinaburutwa kuanzia saa 11 alfajiri) na jirani hakuna kumbi za muziki wala chumba cha kamari, maana moshi wa sigara wa pale huvuja hadi kwenye korido za vyumba. Pawe karibu na lifti, lakini si mlangoni pake. Kama pesa haitoshi, punguza kwingine: msinunue kifurushi cha vinywaji, msinunue intaneti, msile kwenye migahawa ya kulipia. Hilo la dirisha lisipungue.

Nami nimelala kwenye vyumba hivyo, kwa hiyo ngoja nikutembeze ndani, usije ukashtukia. Mlango wa bafu una kizingiti cha chuma, kama urefu wa kiganja. Mama ataupiga kwa kidole cha mguu usiku wa kwanza, hakika. Chukua utepe mweupe ubandike juu yake, na uache taa ya bafu ikiwaka. Pahali pa kuogea pamezungushiwa pazia la nailoni, na maji ya moto yakianza, pazia linavutwa ndani na kukukumbatia mgongoni, baridi, kama samaki. Ukimaliza, sakafu yote imelowa. Beba ndala zisizoteleza na taulo dogo la kuziba chini ya pazia. Kuna mpini wa kushikia, lakini ni mmoja. Uliza mapema wakuwekee kigoda cha kuogea. Kwa kawaida wanavyo, ila usipoomba hakiji.

Choo kinavuta kwa hewa, kwa mlio mkali wa ghafla unaoweza kumtoa mtu roho kama hakuambiwa. Mwambie. Kisitiwe kitu chochote ila karatasi yake, kwani kitambaa kimoja kikikwama huziba vyoo vya korido nzima, na hapo ndipo linapoanzia lile lalamiko ulilolisikia. Kwetu kiligoma asubuhi moja, karibu saa tatu nzima. Tukatumia vyoo vya sitaha ya juu, chetu kikaja kikatengenezwa. Mama anataka maji ya kujitawadhia, basi beba kopo lake jepesi au kile kichupa cha plastiki chenye mdomo.

Soketi zilikuwa mbili tu kwenye chumba chetu, zote mezani kwenye kioo, kitandani hakuna hata moja. Usibebe waya wa kurefusha umeme, huenda wakauchukua kwenye ukaguzi wa mizigo. Beba kichaji kimoja chenye matundu mengi. Kuta ni za chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku zinanata vizuri. Nilibeba sita na ndizo zilizotundika kanga, mabuibui na mfuko wa dawa. Usiku kuta na makabati yanalia, kwii, kwii, kila meli ikilala upande. Mama mkwe wangu alikunja soksi akaikaza kwenye upenyo wa kabati, kelele ikakoma. Kiyoyozi kilidondosha maji, tukapiga simu, fundi akaja baada ya muda. Na zulia, ndiyo, linanuka kidogo siku mvua ikinyesha.

Udi hautawezekana mwanangu, wala ubani, wala chetezo, wala mshumaa, wala pasi, wala birika la umeme. Chochote chenye moto au kinachozalisha joto kinazuiwa, na sababu yake mama ataielewa ukimweleza ni chombo na moto. Fukiza nguo zake na mtandio wa kulalia nyumbani kwako usiku wa kabla ya safari, uzifunge kwenye mfuko, na umpe kichupa cha mafuta ya udi apake kwenye mto. Inatosha.

Kwa sala, Pemba iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja na Makka, ndiyo maana mama maisha yake yote ameelekea kaskazini. Kule mtakakokuwa kibla ni kaskazini-mashariki, na meli inageuka. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha chumbani. Televisheni ya chumbani huwa na chaneli inayoonyesha ramani na meli ilikoelekeza omo. Mfundishe binti yako aisome, awe ndiye anayemwambia bibi yake upande kila wakati wa sala. Wa kwangu aliipenda kazi hiyo kuliko bwawa la kuogelea.

Chakula: iandikie kampuni sasa hivi, wiki nyingi kabla, uulize kama wanatoa nyama ya halali na utake jibu la maandishi. Kampuni hazifanani. Wakikuambia ndiyo, bado mkumbushe mkuu wa wahudumu jioni ya kwanza. Samaki, mayai, mbogamboga, wali na matunda havikosekani asubuhi wala jioni, na wahudumu wengi ni Waindonesia na Wahindi. Mtafute Mwindonesia mmoja mwenye jina la Kiislamu umwulize nini kimepikwa na nini. Atawachukua kama ndugu zake. Mikono mwoshe kwa maji na sabuni kila mkienda kula, ile dawa ya mlangoni pekee haitoshi kwa virusi vya kuharisha vinavyopenda kuenea melini.

Januari hakuna vimbunga, msimu wake ni Juni hadi Novemba. Ila pepo baridi kutoka bara la Marekani hushuka Ghubani na kuichafua siku moja mbili, na meli ndogo inalisikia wimbi kuliko kubwa. Tangawizi, biskuti kavu, na dawa ya kichefuchefu ambayo daktari wake ameiridhia pamoja na zile za presha. Akianza kujisikia vibaya mtoe nje, akae sitaha ya chini inayozunguka meli, atazame pale mbingu zinapokutana na maji. Hizo sitaha pana za kutembelea, karibu na maji, ndilo jambo ambalo meli za zamani nyingi wanazo na za kisasa wamelipunguza. Huko ndiko utakakomkuta mama kila alfajiri.

Cozumel mnafunga gatini na kushuka kwa miguu, ingawa gati ni refu. Omba kiti cha magurudumu mapema bila haya. Grand Cayman hakuna gati la meli hizi, wananchi walilikataa kwenye kura ya Aprili 2025. Meli inatia nanga nje ya George Town na watu wanashuka kwa mashua. Pale kati ya meli na mashua pana hatua moja inayopanda na kushuka na wimbi, wafanyakazi wawili wanakushika mikono. Ngojeni mpaka kama saa 5 asubuhi, watu wamepungua, mama aitazame kwanza hatua hiyo ndipo aamue. Akisema abaki, mmoja wenu abaki naye. Na bahari ikichafuka, kisiwa hicho kinarukwa bila fidia ya maana, msikifanye ndicho kilele cha safari.

Karatasi zenu nazo zisingoje. Visa ya mama iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na iwe hai siku ya kurudi Tampa, kwa kuwa mtakuwa mmetoka Marekani na kuingia upya. Ikiwa ni ya mara moja tu, safari hii haipo, ujue leo. Mexico humpokea mwenye visa hai ya Marekani. Kwa Grand Cayman itake kampuni ikuandikie masharti ya pasipoti ya Tanzania. Wewe kama una grini kadi ibebe pamoja na pasipoti. Bima ya safari ya mama inunue, yenye matibabu na kusafirishwa mgonjwa, maana daktari wa meli analipwa, na helikopta usiniulize. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani masanduku huletwa vyumbani jioni. Bakshishi hukatwa zenyewe, kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu wanne siku 5 ni dola 320 hadi 400, ziweke kwenye hesabu sasa. Na mwendeshe hadi Tampa siku moja kabla. Meli haimngoji mtu aliyekwama barabarani.

Ukimpigia mama, kaa mahali penye utulivu, usiwe unaendesha gari. Mwambie kwanza kwamba ulimdanganya na sababu yake ilikuwa hofu yako. Kisha mwaka wa meli, kisha dirisha. Halafu nyamaza, umwachie simu yeye. Huenda akazungumza habari za mjomba wako kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na hapo usiharakishe kurudi kwenye habari za safari. Kaka yako mpigie baadaye, umweleze aliloamua mama.

Akikubali, piga simu siku ile ile ubadilishe chumba, kabla vyenye madirisha havijaisha. Akikataa, ziache hizo dola 400 na usizitaje mbele yake kamwe. Kutoka Atlanta hadi kisiwa cha Tybee, karibu na Savannah, ni kama saa nne kwa gari. Kuna mchanga, kuna mnara wa taa wa zamani, na mama anaweza kukaa ufukweni na kanga yake akitazama bahari ile kwa kadiri anavyotaka, miguu ikiwa nchi kavu.